Ugonjwa Unaosemeka

Mama ndiye aliyenichagulia ugonjwa. Alichagua vidonda vya tumbo, tena alichagua harakaharaka, amesimama sebuleni na ufagio mkononi, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Presha aliikataa kwa sababu watu wangeuliza nina mawazo gani. Kisukari alikikataa kwa sababu napenda soda na kila mtu anajua. Vidonda vilikuwa safi. Havionekani, haviambukizi, na mtu mwenye vidonda anaruhusiwa kukunja uso mchana kutwa bila kuambiwa ana kiburi.

"Ukiulizwa, sema vidonda," aliniambia. "Na hiyo kliniki yako usiitaje hata kwa ndugu."

Kliniki yenyewe ni ya afya ya akili. Iko nyuma ya hospitali kubwa iliyo karibu na kwetu, ukishapita chumba cha kufulia mashuka. Mtaani hakuna anayeiita kliniki. Wanasema "kule nyuma", na wakisema hivyo wanagusa kichwa kwa kidole na kucheka. Mimi nilikwenda kule nyuma kwa miguu yangu, na akili zangu timamu, baada ya miaka mingi ya kuishi kama taa iliyozimwa. Na sikwenda kwa sababu nilikuwa nalia. Laiti ningekuwa nalia, pengine wangeniamini. Nilikuwa naamka, nakaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, na asubuhi inapita sijakivaa. Nakula sijui nakula nini. Wakicheka nacheka, wakinyamaza nanyamaza. Lakini kazini nilikuwa sikosi, na hilo ndilo lililoniponza, maana mtu anayekwenda kazini huhesabiwa kuwa mzima.

Kazi yangu ni kufundisha udereva. Shule ni ya kaka yangu, ambaye ameajiri mwalimu mmoja tu, yaani mimi, na bado anataka aitwe Mkurugenzi. Basi tunamwita hivyo. Tuna gari moja lenye kibao cha L juu ya paa, na upande wa abiria, miguuni pa mwalimu, imefungwa breki ya pili. Mwanafunzi akikosea, mwalimu anakanyaga. Kazi ni hiyo, kukaa tayari na mguu.

Siku moja nilikuwa na mwanafunzi wetu, mama mwenye duka la vitambaa. Tulikuwa tunateremka ile barabara ya machimbo ya kokoto. Akahama upande wake, akaingia njia ya lori lililokuwa linapanda. Nililiona. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki, mahali pake, na haukusogea. Sikupigwa na butwaa wala sikuogopa. Nililitazama lile lori likija, nikawaza, basi sawa. Yule mama ndiye aliyekata usukani, tukaishia kwenye nyasi, na hapo akaanza kuniomba msamaha. Alidhani nimemwachia makusudi ili ajifunze. Kwa muda mrefu baadaye alikuwa akiwaambia watu kwamba mwalimu wake ana roho ya chuma.

Mimi kuona sawa kufa, hilo lilikuwa langu. Lakini yule mama alikuwa na watoto wanamsubiri nyumbani, na mguu niliokuwa nimeajiriwa kwa ajili yake ulikuwa wangu. Kesho yake nikaenda kule nyuma.

Daktari niliyemkuta ni binti mdogo kwangu kwa umri. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake. Akaniambia huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, na una matibabu. Nikapewa kidonge kimoja cha kunywa kabla ya kulala, na siku za kurudi kuzungumza naye. Akanikataza pia kuingia barabarani kwa wiki za mwanzo, mpaka mwili uizoee dawa. Kwa hiyo ilibidi nimwambie Mkurugenzi.

"Sonona ya nini?" aliuliza. "Unaoga, unakula, unalipwa. Unataka nini tena?"

"Sitaki kitu. Ndiyo ugonjwa wenyewe huo."

"Na nani ataleta mtoto wake afundishwe na mtu wa kule nyuma? Umelifikiria hilo, au umejifikiria wewe tu?"

Hakuuliza naumwa wapi. Hakuuliza tangu lini. Aliuliza habari za wateja, kisha akampigia Mama simu, na jioni ile ndipo Mama aliposimama na ufagio wake na kunipa vidonda. Nikawekwa darasani kufundisha alama za barabarani, na wanafunzi wakaambiwa mwalimu tumbo linamsumbua.

Na hapo ndipo niliposhuhudia maajabu. Jirani aliniletea maji ya kabichi kwenye chupa, siku baada ya siku. Mke wa Mkurugenzi, ambaye tangu aolewe hajawahi kunimiminia hata maji ya kunywa, alinipikia chungu cha peke yangu kisicho na pilipili. Watu nisiowajua walinishika bega njiani na kuniambia pole, dada, vidonda si mchezo. Kwa ugonjwa ambao sikuwa nao nilipata huruma ya mtaa mzima. Kwa ule niliokuwa nao niliambiwa nifunge mdomo. Nilikuwa nakunywa yale maji ya kabichi huku nimekasirika mpaka nayamaliza kwa funda moja, na yule jirani anasema, unaona, yanafanya kazi.

Lakini dawa yenyewe, ile ya kweli, ilianza kufanya kazi polepole. Kuna asubuhi nilijikuta niko mlangoni na viatu vyote viwili miguuni, na sikumbuki kama nilipigana navyo. Daktari akaniruhusu kurudi barabarani. Nikaanza tena kusikia harufu ya sabuni. Mambo madogo ya kijinga kama hayo, ambayo mtu mzima hawezi kumsimulia mtu mzima mwenzake.

Vidonge vilikuja katika pakiti ya kliniki yenye muhuri. Mama hakuweza kuvumilia ule muhuri. Siku moja nilirudi nikakuta amevitoa vyote na kuvitia katika kopo jeupe la kifuniko cha buluu, na kopo hilo lilikuwa la dawa ya vidonda. Alikuwa ameliomba kwa mama mkubwa, dada yake.

Mama mkubwa ndiye bingwa wa vidonda katika ukoo wetu. Tangu tukiwa wadogo tulimjua hivyo. Mama mkubwa hali hiki, hanywi kile, mama mkubwa amelala chumba cha ndani, msipige kelele, vidonda vimemkamata. Kwenye shughuli alikaa pembeni na chakula chake cha peke yake, ameinamisha uso, na watu walipita wakamwachia pole kama wanaoacha viatu mlangoni. Aliolewa zamani akarudishwa, na wanawe wawili walilelewa na bibi yao wa upande wa baba. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa vidonda.

"Hatari hii, Mama," nilimwambia nilipoliona lile kopo. "Dawa haihamishwi hivi."

"Hatari ni mgeni kuona ule muhuri," akasema.

Nilikuwa nimeanza kupata nguvu, lakini si za kupigana na Mama. Niliweka kopo chumbani kwangu, kwenye droo, nikaona yamekwisha.

Yangekwisha, kama mama mkubwa asingekuja kukaa kwetu siku chache. Mama akafanya usafi wa wageni. Akaingia chumbani kwangu, akaona kopo la vidonda limejificha kwenye droo, akaona haipendezi. Mtu wa vidonda halali na dawa yake, anaiweka karibu na chakula. Akalihamishia kabati la jikoni, mbele kabisa, lionekane. Na mama mkubwa, ambaye miwani yake ni ya kuvaa kanisani tu, alikuja na kopo lake, jeupe, kifuniko cha buluu, naye akaliweka palepale.

Mchana wa siku ya pili nilirudi na gari nimemaliza somo, Mkurugenzi akiwa kwetu kumsalimu mgeni. Nikamkuta mama mkubwa kwenye kochi. Uso mwekundu, midomo imekauka, maneno yanamtoka yamekatikakatika. Vidole vyake vilikuwa vinachambua kitu hewani, kama anayetoa mawe kwenye mchele. Nilimshika kifundo cha mkono. Moyo ulikuwa unakimbia.

"Vidonda vimemkamata," Mama alisema, lakini hata yeye sauti haikuwa na nguvu.

Nikaenda jikoni. Kopo la mbele lilikuwa wazi. Nikamimina kiganjani, nikaona vidonge vyangu, vimepungua sana. Yeye vidonge vyake alizoea kunywa viwiliviwili kabla ya kila mlo, na tangu jana alikuwa amekula vizuri.

"Amekunywa dawa zangu," nikasema.

Mama alinitazama. Kisha, mbele ya dada yake anayechambua hewa, alisema, "Sema polepole. Dirisha liko wazi."

Tulimbeba mpaka garini. Mimi nilikuwa na funguo, nikakaa kwenye usukani. Mama alikaa nyuma, kichwa cha dada yake mapajani. Mkurugenzi alikaa mbele, upande wa mwalimu. Nikaendesha kama ninavyowakataza wanafunzi wangu kuendesha, na tulipofika njia panda yenye taa, nikawasha taa ya kushoto, maana hospitali kubwa iko kushoto, si mbali kabisa.

Gari likasimama ghafla. Kichwa changu kilikaribia kugonga usukani. Sikuwa mimi niliyekanyaga.

Nikatazama chini. Kiatu cha kaka yangu kilikuwa juu ya breki ya pili.

"Nenda moja kwa moja," alisema. "Tumpeleke ile ya ng'ambo ya mji."

"Ile ni mwendo wa saa nzima."

"Hii wanakujua. Manesi wote wanakujua. Kule tutasema ni dawa ya vidonda imemzidi, watamtibu, tutarudi."

"Watamtibu vidonda, na amekunywa kitu kingine. Watamuua."

"Mwanangu, nakuomba," Mama alisema kutoka nyuma. "Usituvue nguo."

Kijani ikawaka. Honi zikaanza. Nilijaribu kuondoka, gari likanguruma na kukataa, mguu wake ukiwa palepale. Breki ile tuliifunga ili kuokoa watu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeenda kwa fundi kusimamia, akarudi anajigamba kwamba shule yetu haiui mtu. Na sasa alikuwa ameikanyaga kwa nguvu zake zote, mtu mzima, baba wa watoto, ili mama mkubwa afe kwa heshima. Sijawahi kukasirika vile. Kwa miaka mingi sikuwa na uwezo wa kukasirika, hasira inataka damu na mimi damu ilikuwa imelala. Pale njia panda iliamka yote kwa pamoja.

Nikazima gari. Nikachomoa ufunguo, nikauweka kwenye mfuko wa sketi.

"Unafanya nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Tunabaki hapa. Na kila anayekuja kuuliza nitamweleza kwa nini."

Nikateremsha kioo. Dereva wa gari la nyuma alikuwa tayari ameshuka, anakuja huku amenyoosha mikono, na alipoona kibao cha L akapunguza ukali.

"Mwalimu, vipi? Limekufa?"

"Gari ni zima," nilimjibu. "Huyo mama nyuma amekunywa dawa zangu za sonona, mimi natibiwa kliniki ya akili, na huyu kaka yangu anaona haya kumpeleka hospitali. Ndiyo maana amekanyaga breki hapo, umeona mguu wake?"

Yule dereva aliinama akachungulia. Kweli aliuona mguu. Mkurugenzi aliuondoa kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na sikusubiri yule bwana atoe maoni, nikawasha gari nikakata kushoto.

Pale mapokezi tabibu wa zamu aliuliza mgonjwa amekunywa nini. Mama aliwahi kujibu kabla yangu. "Dawa zake za vidonda, daktari. Zimemzidi." Alisema bila kupepesa macho. Dada yake alikuwa amelala kitandani mbele yake, midomo imepasuka kwa ukavu, na Mama bado anapanga maneno.

"Si kweli," nikasema. "Ni dawa zangu. Kopo hili hapa. Natibiwa sonona kule nyuma, daktari wangu yupo leo, mwiteni."

"Dawa za nini?" nesi aliuliza kutoka upande wa pili, maana watu walikuwa wengi.

Nikarudia kwa sauti. Kwenye benchi, na mtoto aliyefungwa bandeji mguuni, alikuwa amekaa yule mama wa duka la vitambaa. Alinitazama, kisha akamtazama mwanawe, kisha akanitazama tena. Nadhani alikuwa analiona lile lori.

Walimwekea mama mkubwa dripu na kumfunga nyaya kifuani kusikiliza moyo. Tabibu alituambia baadaye kwamba sindano ya tumbo waliyozoea kuwapa watu wa vidonda ingemwongezea mbio za moyo, na hakujua kama angevuka. Alisema hivyo kwa upole tu, huku anaandika. Mama aliomba kiti.

Asubuhi tulimkuta ameketi, ananywa maji. Nje ya wodi simu ya Mkurugenzi iliita, akaenda kuizungumzia pembeni, akarudi ameshusha mabega.

"Mama wa vitambaa," alisema. "Anataka mwalimu mwingine."

"Mwalimu mwingine ni nani?"

"Mimi."

"Mungu amsaidie, kwa breki zako."

Hakucheka. Mimi pia sikuwa na hamu ya kucheka. Nilijua atafuata mwingine, na mwingine, na kwamba nitaweka miadi yangu ya kliniki palepale ilipo, mchana, nikipita mlango wa mbele. Lakini iliniuma. Yule mama nilimfundisha tangu hajui kuwasha gari, na asiseme mtu kwamba haikuniuma.

Daktari wangu wa kule nyuma alikuja wodini mwenyewe. Alinisalimu mbele ya watu wote, akavuta kiti akakaa karibu na mama mkubwa.

"Mama, hivi vidonda vyako vina muda gani? Waliviona kwa kipimo gani?"

Mama mkubwa alivuta shuka hadi magotini. Sauti yake bado ilikuwa inakwaruza.

"Sina vidonda, mwanangu. Nilipewa."

"Na nani?"

"Na mama yetu. Huyu alikuwepo."

Alimwelekeza Mama kwa kidevu. Mama alikuwa amesimama upande wa miguuni, ameshika chuma cha kitanda.

Ndipo nikaona yote kwa pamoja: chumba cha ndani, msipige kelele, chakula cha peke yake, wale watoto wawili walioondoka. Mama hakuvitunga vidonda vyangu pale sebuleni. Alivirithi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Hamkuona alivyofanywa," Mama alisema. Hakuwa ananiangalia. "Alijifungua mtoto wa pili akashindwa kuinuka. Hamshiki mtoto, haongei. Kwa mumewe wakaanza kusema kichaa, wakataka kumfunga kamba. Mama yetu akaenda kumchukua, akasema mwanangu ana vidonda vya tumbo. Akarudi nyumbani kama mgonjwa, si kama mwendawazimu. Nilikuwa msichana, niliona. Vidonda vilimwokoa. Nilikutakia hivyohivyo."

"Vilimwokoa nani?" mama mkubwa aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Nilielewa Mama alichokiogopa, na kukielewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo, kwa sababu aliyaona yote yale kwa macho yake, akajua vidonda vilivyomlia dada yake maisha, na bado alinitafutia kopo la aina ileile.

Mama mkubwa akamgeukia daktari.

"Hizo dawa za huyu mtoto," alisema, "ni mpya? Zimetoka juzi?"

"Hapana, mama. Ni za zamani. Zilikuwepo kabla sijazaliwa."

"Hapa hapa? Hospitali hii?"

"Nadhani, ndiyo. Kliniki ni ya siku nyingi."

Mama mkubwa aliweka kikombe chini. Midomo yake ilisogea kidogo, na sikujua kama anasali au anafikiria umri wa wanawe.

"Kumbe zilikuwepo," alisema.

Daktari alimwambia kama anataka, akishapata nguvu, wanaweza kwenda kuzungumza. Mama mkubwa akasema nguvu anazo, tena leo. Akateremsha miguu kutoka kitandani na kutafuta viatu kwa vidole. Mama aliinama upesi, akavivuta kutoka chini ya kitanda, akapiga magoti na kuanza kumvisha. Kamba haikuingia, akaitoa akaanza tena. Mkurugenzi alinitazama, nikajua anataka nimsaidie Mama.

Sikumsaidia.